Mkono Usiofukuza Mpira

Desemba 2017 Kisumu iliandaa nusu fainali zote mbili za Kombe la CECAFA. Tarehe 14, katika Uwanja wa Moi, Kenya iliitoa Burundi 1-0 kwa bao la Whyvonne Isuza katika muda wa ziada. Kesho yake Zanzibar, waliokuja wakihesabiwa kuwa wasindikizaji, waliilaza Uganda 2-1 na kufunga safari ya Machakos kwa fainali. Mashabiki wakiikumbuka wiki ile hutaja Isuza na hutaja Wazanzibari. Wapiga kamera hawatajwi, na kwao hiyo ni sifa. Katika kazi ya kurusha mpira moja kwa moja anayekumbukwa ni aliyekosea: yule aliyekuwa akituonyesha shabiki aliyejipaka rangi usoni wakati mpira unaingia wavuni.

Wengi wetu hutazama mpira maisha yote bila kuitazama picha inayotuletea mpira huo. Ukianza kuitazama, ukajiuliza kwa nini imebadilika sasa na kwa nini haikubadilika dakika nzima iliyopita, utagundua kwamba kuna watu wanaocheza mechi yao ndani ya mechi. Ustadi wao ni wa ajabu kidogo: sehemu kubwa ni kujizuia. Wana vifaa vya kuonyesha kila kitu, na kazi yao ni kujua cha kuacha.

Kazi huanza mpira ukiwa bado haujajazwa upepo. Gari la OB, lile lori lililojaa skrini na vitufe, huegeshwa mapema nje ya uwanja, na swali la kwanza linahusu jua. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta. Mwaka mzima jua la hapa huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro dakika chache, likishuka kwa haraka upande wa ziwa. Mechi ya saa kumi jioni humalizika jua likiwa limelala. Kamera iliyowekwa upande wa mashariki ikitazama magharibi itapigwa na mwanga usoni kipindi chote cha pili, na wachezaji watageuka vivuli vyeusi visivyo na namba mgongoni. Kwa hiyo kamera kubwa hupanda jukwaa la magharibi, jua likiwa mgongoni.

Likishaamuliwa hilo, limeamuliwa na jingine. Kamera zote zitakazoonyesha mpira ukiendelea lazima zikae upande mmoja wa uwanja. Ukiiweka moja ng'ambo kisha ukairukia katikati ya shambulizi, Gor Mahia waliokuwa wakienda kulia wataonekana ghafla wanaenda kushoto, na mtazamaji kule Mbita atadhani mpira umenyang'anywa. Picha ya ng'ambo hutunzwa kwa marudio peke yake, tena mara nyingi huandikwa kwenye skrini kwamba inatoka upande wa pili. Sheria hii haijaandikwa katika kitabu cha refa, lakini ikivunjwa watazamaji hulalamika kama wamenyimwa penalti.

Kisha kuna mvua. Mafundi waliozoea Kisumu hawaitafuti mvua ziwani wakati wa mchana. Hutazama upande wa milima ya Nandi. Upepo wa ziwa hupanda, hewa yenye unyevu hugota kwenye miinuko, na mawingu yakishakaa meusi kule juu, mji unaweza kupigwa na radi na mvua ya mawe kabla ya mapumziko. Kamera huvishwa makoti yake mapema, viungo vya kebo huinuliwa kutoka ardhini, na jenereta huwashwa hata kama stima ipo, kwa sababu stima ya mji ikipotea hata nukta moja mitambo yote huanza upya, na mitambo ikianza upya bao halisubiri. Mechi ikiwa ya usiku huongezeka wadudu wa ziwani, ambao huzifuata taa kwa makundi na kutua juu ya lenzi. Kila mpiga kamera huwa na kitambaa laini mfukoni.

Sasa tumtazame mtu wa kamera namba moja. Anakaa juu, usawa wa mstari wa katikati, na picha yake ndiyo tunayoitazama sehemu kubwa ya dakika 90. Kamera yake ni nzito, imebeba lenzi ndefu ya sanduku, na imekaa juu ya kichwa cha tripodi chenye ukinzani alioupima mwenyewe kwa mkono kabla ya mechi: kikilegea sana picha inacheza, kikikaza sana picha inachelewa. Mkono mmoja unaongoza kamera kwenda kushoto na kulia, na kidole gumba kimelala juu ya kitufe cha kuvuta karibu na kusukuma mbali. Mkono wa pili unalinda ukali wa picha. Haondoi jicho.

Ukimtazama kwa ukaribu utaona kwamba haufuati mpira. Anayeufuata mpira amechelewa tayari, kwa sababu mpira uliopigwa mbele na beki hukata nusu ya uwanja kabla mkono haujapata habari. Yeye husoma mwili. Beki akiinua kichwa na kuvuta mguu nyuma, kamera imeshaanza kupanuka polepole na kusogea kule mpira utakakotua, kiasi kwamba ukifika unaikuta picha inaungoja. Winga akikimbia pembeni, nafasi kubwa huachwa mbele yake kuliko nyuma yake, ili tuone anakokwenda na beki anayemngoja. Na kila mwendo wa kamera huanza taratibu na kuisha taratibu, kama mama anayetoka ziwani na ndoo kichwani: mwili unakwenda, maji hayatikisiki. Mwanafunzi hujulikana kwa mtikisiko. Huupita mpira, kisha huurudia; huvuta karibu kwa msisimko, kisha hujikuta ameonyesha kiatu cha mfungaji huku mfungaji mwenyewe ameshapiga.

Chini, ndani ya gari, ameketi mwongozaji mbele ya ukuta wa skrini. Kila kamera ina skrini yake, na sauti ya mwongozaji inaingia katika masikio ya kila mpiga kamera. Tuchukue kona moja tu. Dakika ya 70, mpira umetoka, na kuna sekunde 10 au 15 za kucheza nazo.

"Tatu, nipe mpigaji. Mbili, yule beki mrefu, anavutwa jezi. Nne, kipa." Kamera ya tatu, iliyo chini kando ya mstari, inampata mpigaji akiuweka mpira na kuupapasa kana kwamba unaweza kumkataa. "Tatu." Picha inabadilika, tunamwona. "Mbili, shika hapo. Mbili." Tunaona beki na mshambuliaji wamekamatana, refa akiwaonya. "Moja, uko?" Mpigaji anainua mkono. Hapa ndipo mwongozaji mchanga hubakia, kwa sababu uso wa mpigaji unapendeza, jasho linamtiririka na nyuma yake jukwaa zima limevaa kijani. Mkongwe ameshaondoka. "Moja." Picha pana imeingia kabla mguu haujarudi nyuma.

Kwa nini kabla? Kwa sababu mpigaji anaweza kuupiga mfupi. Ukiwa umebaki usoni pake, mpira utatoka nje ya fremu na mtazamaji hatajua umekwenda wapi; ukihamia picha pana sasa, utakuwa umehama wakati mpira uko hewani, na jicho linahitaji kitambo kidogo kuutafuta mpira katika picha mpya. Katika kitambo hicho bao hufungwa. Basi picha pana iwepo kwanza, jicho litulie, ndipo mpira upigwe. Kona ile ikiokolewa, ikageuka shambulizi la kushtukiza upande wa pili, kamera zote zitakuwa na picha tamu: winga anayekimbia, kocha anayeruka, kipa anayerudi kinyumenyume. Mwongozaji anaziona zote na anazikataa zote. "Bakia moja. Bakia. Bakia." Ni amri ya kutofanya kitu, na kuitoa huku moyo unadunda ni kazi ngumu.

Mashabiki wa ukanda huu wanao mfano mmoja mzuri wa faida ya amri hiyo. Tarehe 22 Juni 2014, katika Uwanja wa Maracanã, Divock Origi, mwana wa Mike Okoth Origi aliyewahi kuichezea Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, aliingia kutoka benchi la Ubelgiji katika mechi ngumu ya Kombe la Dunia dhidi ya Urusi. Dakika ya 88 Eden Hazard aliingia na mpira upande wa kushoto na kuurudisha nyuma, Origi akaupiga juu, 1-0. Katika shambulizi la aina ile mwenye mpira ndiye nyota na ndiye kila kamera inamtaka. Lakini habari yenyewe ni mtu wa pili, anayejipenyeza kati ya mabeki bila mpira. Anayestahili kuonekana akifika huonekana tu kama picha imeachwa pana vya kutosha. Sura yake ya karibu inaweza kungoja sekunde chache. Mwanzo wa mbio zake hauwezi kurudiwa.

Ila unaweza kurudiwa na mtu mwingine ndani ya gari lile lile. Fundi wa marudio ana mashine inayorekodi kamera kadhaa kwa mpigo na kukubali kuzicheza huku ikiendelea kurekodi. Mashine za kampuni ya EVS ya Ubelgiji zilienea tangu miaka ya 1990 kiasi kwamba katika magari mengi fundi mwenyewe huitwa kwa jina la mashine. Mkono wake uko juu ya gurudumu la kurudisha nyuma na wenzo mdogo wa kupunguza mwendo. Tukio likipita, ameshatia alama: sekunde tatu kabla, si moja, kwa sababu faulo haielezeki bila pasi iliyoizaa. Humnong'oneza mwongozaji: ninayo ya pembeni, ninayo ya nyuma ya goli, ya nyuma ni safi zaidi. Mpangilio una mantiki yake. Kwanza huja pembe inayothibitisha, ndipo ije pembe inayosisimua. Na mbele ya yote kuna sharti moja: marudio yaishe kabla mpira haujaanza tena.

Ugumu wa sharti hilo ulionekana katika fainali ya Kombe la Dunia nchini Qatar, Desemba 18, 2022. Argentina ilikuwa mbele 2-0. Dakika ya 80 Kylian Mbappé akafunga penalti, na sekunde 97 baadaye akafunga tena. Fikiria kilichorundikana ndani ya sekunde hizo: furaha ya Wafaransa, sura ya Messi, jukwaa la Waargentina, marudio ya mkwaju, matokeo mapya kwenye skrini, mpira kurudishwa katikati, mechi kuanza, mpira kuporwa, pasi, shuti. Mwongozaji mroho angekuwa bado anatuonyesha bao la kwanza wakati la pili linaingia. Tuliliona la pili lote, kutoka mwanzo wa mjengo wake. Yule aliyetuonyesha alikuwa ameyaacha mengi mezani.

Kujizuia kuna upande mwingine pia, ambao si wa ufundi tu. Tarehe 12 Juni 2021, jijini Copenhagen, Christian Eriksen wa Denmark alianguka uwanjani moyo wake uliposimama. Wachezaji wenzake walimzunguka kumpa sitara. Picha za uwanjani zilizokwenda dunia nzima ziliendelea kumtafuta kwa muda, na zikamwonyesha mwenzi wake akilia. Lawama zilikuwa nyingi, na BBC iliwaomba radhi watazamaji wake huku ikieleza kwamba picha za uwanjani zilikuwa chini ya UEFA. Katika saa kama hiyo kamera ya mbali kabisa, inayoonyesha uwanja mzima na watu wadogo wamesimama, ndiyo yenye adabu. Mwongozaji hana muda wa kuitisha kikao. Adabu hiyo lazima iwe imeshamkaa mkononi.

Sauti nayo ina mikono yake. Kando ya uwanja hupangwa maikrofoni kadhaa, na fundi wa sauti hazifungui zote kwa pamoja; hufungua ile iliyo karibu na mpira na kuifunga mpira ukiondoka, kwa vidole vinavyoteleza bila kupumzika dakika zote 90. Ndiyo maana unasikia kishindo cha buti ukiwa umekaa Usenge. Katika Kombe la Dunia la Afrika Kusini mwaka 2010 mafundi walipambana na vuvuzela, ambazo mlio wake huzunguka hezi 235, ndani kabisa ya eneo la sauti ya binadamu, hivi kwamba kuzipunguza kulihatarisha mtangazaji mwenyewe. Debi la Mashemeji, kati ya AFC Leopards (Ingwe) na Gor Mahia (K'Ogalo), lina mtihani wake: isikuti za Ingwe upande mmoja, nyimbo za K'Ogalo upande wa pili, na baadhi ya nyimbo hizo hazifai kusikika sebuleni mbele ya mama mkwe. Fundi anayezijua hutambua mstari unaokuja na kuhamia maikrofoni nyingine kwa wakati, bila kuua shangwe.

Juu ya sauti hiyo huketi mtangazaji. Katika nchi hii kipimo cha mtangazaji wa mpira kwa Kiswahili kiliwekwa na redio, na kwa vizazi kadhaa jina lililotangulia lilikuwa la Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025. Mtangazaji wa redio ni macho ya wasioona uwanja: lazima aseme mpira uko wapi, uko kwa nani, unaelekea goli gani, umebaki muda gani, na aseme bila kupumua. Ukimhamishia mtu huyo kwenye runinga bila kumfunza upya, atatusimulia tunachokiona. Mtangazaji wa runinga hufanya kazi kinyume. Hutaja jina, kisha huacha. Hueleza kisichoonekana: kwamba beki huyu alikuwa majeruhi, kwamba kocha amebadilisha mfumo, kwamba kadi nyingine itamkosesha fainali. Na bao likifungwa huinua sauti mara moja kisha hunyamaza, awaachie mashabiki uwanja. Ukimya wa sekunde kumi baada ya bao ni mgumu kwa mtu anayelipwa kusema.

Mashindano yakiwa makubwa, kazi hii hugawanywa. Kombe la Dunia huwa na mwenyeji mmoja wa picha, kampuni ya HBS, ambayo hutengeneza picha moja kwa ajili ya dunia nzima. Kila kituo huongeza sauti yake na studio yake. Kwa hiyo mwaka 2022 aliyetazama KBC pale Kondele na aliyekuwa Buenos Aires waliona uso ule ule katika nukta ile ile ya mechi. Idadi ya vifaa inashangaza. Waamuzi wa video wa Qatar waliweza kuona kamera 42 kwa kila mechi, 8 za mwendo wa polepole sana na 4 za polepole kupindukia. Chini ya paa kulikuwa na kamera nyingine 12 zilizofuatilia mpira na nukta 29 za mwili wa kila mchezaji, mara 50 kwa sekunde, kwa ajili ya kuotea. Hata hivyo, mechi ilipokuwa ikichezwa tulirudishwa kule kule: picha moja pana kutoka juu ya mstari wa katikati. Kamera arobaini na kitu humwongezea mwongozaji vishawishi. Hazimwondolei wajibu wa kusema bakia.

Picha hiyo ikifika kwetu hukutana na kundi la mwisho la mafundi, wanaopanda juu ya mabati. Setilaiti iliyobeba DStv kwa ajili yetu iko nyuzi 36 mashariki, juu ya ikweta, na Kisumu iko karibu nyuzi 34.75. Maana yake setilaiti hiyo, kilomita zipatazo 36,000 kutoka ardhini, iko karibu utosini mwetu kabisa. Dishi la Azam huitafuta yake nyuzi 7 mashariki, kwa hiyo huegemea magharibi kama linaloangalia ziwa. Tembea ufuoni Dunga au Mbita ukitazama juu ya mapaa, utajua nani amelipia nini kabla hujabisha hodi. Dishi linalotazama juu hukinga vumbi, majani na maji, na mvua ya hapa ni nzito. Mawimbi yake yana urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, na matone makubwa huyameza. Fundi anayejua kazi yake hatosheki dishi linapotoa picha siku ya jua. Huendelea kulisukuma unywele kwa unywele mpaka mita isikubali kupanda tena, kwa sababu kile kidogo cha ziada ndicho kitakachobaki dhoruba ikifika dakika ya 85.

Kuna jambo hata yeye halitibu. Safari ya kwenda juu na kurudi huchukua kama robo ya sekunde tu, lakini kuisonga picha na kuifungua huongeza sekunde kadhaa, na kila dekoda ina mwendo wake. Hapo redio hushinda. Wanaozima sauti ya runinga wakafungua redio ya Dholuo hulijua bao kabla ya mpigaji kuufikia mpira. Mwaka wa Qatar, saa za Doha zilikuwa sawasawa na zetu, na mechi za saa nne usiku ziliwakuta wavuvi wa omena wameshatoka na taa zao. Mtu aliye majini na redio ndogo alikuwa mbele ya mwenye skrini ya inchi 50.

Ustadi huu wote unatoka wapi? Ni rahisi kudhani unatoka kwenye mashindano makubwa, kwa kuwa huko ndiko tunakouona. Lakini hakuna anayekabidhiwa kamera namba moja kwenye fainali ili ajifunze. Mkono unaosoma mguu wa beki umesoma miguu ya mabeki wengi wasiojulikana, kwenye viwanja vyenye nyasi za kubahatisha, katika mechi zilizoisha bila bao. Kwa Kenya shule hiyo ilikuwa ligi. SuperSport waliirusha tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, na wiki kwa wiki vijana wa hapa walivuta kebo, wakashika kamera za pembeni, wakapanda jukwaani. Mwaka 2017 mvutano kuhusu kuongeza ligi hadi timu 18 ulipozidi, SuperSport waliondoka. Tulilia kuhusu fedha za vilabu, kwa haki. Tulizungumza kidogo sana kuhusu mikono iliyokosa mazoezi. Mpiga kamera wa mpira akikaa msimu mzima akirekodi harusi hurudi akiwa amechelewa nusu sekunde, na nusu sekunde ndiyo kazi yenyewe.

Mwaka 2023 Azam Media ya Tanzania iliingia mkataba na FKF, shirikisho la soka la Kenya, na ligi yetu ikapata tena Jumamosi na Jumapili zake kwenye skrini, mara hii kwa Kiswahili. Agosti 2025 Kenya, Uganda na Tanzania zikaandaa pamoja CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Kisumu haikupewa mechi. Tuliitazama Kasarani kwenye runinga, na tuliona Ryan Ogam akiifunga Morocco dakika ya 42, kisha Kenya ikailinda 1-0 kipindi cha pili chote ikiwa na wachezaji kumi. Kipindi kama kile mtazamaji anahitaji vitu viwili tu: saa, na picha pana inayomwonyesha pengo liko wapi.

AFCON ya 2027 imepewa Kenya, Uganda na Tanzania, na mazungumzo mengi ni ya saruji: viti vingapi, paa lini, nyasi za aina gani. Hayo ni ya lazima. Ila uwanja hujengwa kwa miaka miwili mitatu, na mpiga kamera mzuri wa mpira anaweza kuhitaji zaidi ya hapo, tena hajengwi kwa zabuni. Hujengwa Mamboleo, Awendo na Homa Bay, katika mechi za katikati ya jedwali ambazo hakuna wa kuzizungumza Jumatatu. Kwa hiyo wikendi hii, ukiikuta ligi kwenye skrini, jaribu kuhesabu kimoyomoyo picha pana inakaa muda gani bila kukatwa, na kama ilishakuwepo kona ilipopigwa. Ikiwa ilikuwepo, kuna mtu hapo ameiva. Mpeni mechi nyingine.